Achi, Hiyo Klachi ya Dhahabu Usiifungie Mtu

Achi nyathina, mtoto wangu,

Saa hii umeenda soko ya Toi kutafuta sweta ya baridi ya Eldoret, na mimi nakujua, utabishana na huyo mwenye mitumba mpaka akuongezee soksi. Kwa hivyo niko na kama masaa mawili. Nimekaa hapa mlangoni penye kuna mwanga, nimeweka kitabu yako ya polytechnic kwa magoti na nimeng'oa karatasi za katikati. Pole. Hazikuwa zimeandikwa kitu.

Sikuandikii ati ukule vizuri, ama ufunge mlango, ama uchunge vijana wa huko. Hizo umeskia tangu uzaliwe na bado ulikuwa unafanya venye unataka. Nakuandikia juu ya ile klachi. Ile iko kwa katoni chini ya kitanda, yenye mdosi wako mpya alituma pesa tumtafutie, yenye kesho unafaa kuingia nayo kwa garage yake ukiwa umeibeba kama keki ya birthday. Achi, hiyo klachi ni takataka. Ukiifungia hiyo gari yake ya mashindano, na ile nguvu yote iko ndani, haitamaliza wiki. Na kazi yako itaisha siku hiyo hiyo, kabla hata ujue choo ya hiyo garage iko wapi.

Ningekuambia kwa mdomo, lakini unajua mdomo yangu. Nikianza kuongea kitu mbaya nimefanya, mzaha inatangulia. Wewe unacheka, mimi nacheka, tunaweka chai, na imeisha hivyo. Nimeishi hivyo miaka mingi sana. Karatasi haichekangi, ndio maana.

Sasa skiza. Leo asubuhi ukioga nilitaka kuifunga na gunia ndio isikugonge miguu kwa safari. Nikafungua katoni. Inang'aa, Achi! Dhahabu tupu, na karatasi juu imeandikwa heavy duty na picha ya ngumi. Nikainama nikanusa, venye huwa nanusa kila klachi inapita mbele yangu. Klachi mpya hainuki sana, ni kamafuta kepesi tu ka kuzuia kutu. Klachi imeungua inanuka kama nywele imeshika moto. Hii ilinuka rangi ya kupuliza.

Nikachukua kisu ya kukata sukuma wiki, nikakwangura pembeni ya presha pleti, ile sahani ya chuma ya kubana. Chini ya dhahabu ikatokea ile bluu, ile alama chuma inabaki nayo ikishapikwa na moto ya kuteleza. Hiyo springi yake imekufa, Achi, imekufa na ikavalishwa nguo ya harusi. Nikainua pleti yenyewe, ile ya kubanwa, kwa jua. Lining, ile ngozi yake ya kushika, imebandikwa na gundi. Ribiti, zile misumari za kuikaza, ziko, ndio, lakini ni za kuonyesha macho, hazijashika kitu.

Na nikajua hiyo mkono. Hiyo dhahabu hupakwa mara mbili. Ya kwanza nyembamba, unaikausha mbali na jiko ya makaa, alafu ya pili. Ukipaka mara moja inabanduka mteja akishika na kidole. Najua hivyo sababu hapo kwa magarage yetu Kawangware, mtu alianzisha hiyo kazi ni mimi.

Nikatoka hapa kwetu Lindi, Kibera, bila kunywa chai, nikatembea mpaka Kawangware nikiwa nimebeba hiyo kitu kwa mgongo kama mtoto. Nikaenda straight kwa Oduor. Unamjua, yule meza yake imepakana na yangu, yule hukuita "engineer" na hana hata spana moja yenye si ya kuomba. Yeye ndiye aliniuzia.

"Oduor, hii ni nini?"

"Ni klachi, Mama Achi. Kwani umeanza kuzeeka?"

"Nimekwangura."

Akaangalia hiyo bluu, akaangalia huku na huku, alafu akacheka. Akacheka, Achi!

"Si ni wewe ulinifunza? Mara mbili, na jiko iwe mbali?"

"Ni ya mtoto wangu, Oduor. Nilikuambia inaenda kwa kazi yake ya kwanza."

"Na Eldoret ni hapa? Ikifika huko itakuwa imefungwa. Ikiteleza, watasema ni dereva. Wewe mwenyewe hukuwa unasema hivyo? Ati mguu yake ndio mbaya?"

Hapo alikuwa anaongea ni mimi. Mimi! Hiyo mdomo ya Oduor ilikuwa na maneno yangu yote, hata na ile sauti yangu ya kubembeleza, na ilikuwa inanuka. Unajua venye mtu anakuletea sahani ya chakula yenye ulitupa jana? Hivyo.

Alafu ndio nikakumbuka venye niliinunua. Wiki iliyopita alifungua hiyo katoni haraka hivi, huku ananihadithia ati fundi moja alifunga gia kinyume, gari ikawa na reverse nne na mbele moja. Nikacheka mpaka nikashika meza. Nilipomaliza kucheka katoni ilikuwa imefungwa na kamba. Mimi, mwenye watu wananiletea klachi zao nizinuse hata kutoka mtaa wa Sarang'ombe, sikunusa. Na hiyo pia nilimfunza. Mteja akicheka hanusi. Nilikuwa nasemanga hivyo kila siku, nikijiona mwerevu kabisa.

Pesa alirudisha, usiogope. Alikataa kwanza. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya meza yake, na kila mteja akija namwambia, "Karibu, nusa kwanza." Wa tatu akinusa, Oduor akatoa pesa yote. Iko kwa bahasha hii. Alitaka nimrudishie klachi, nikakataa, nikamwambia hii naenda nayo. Hakubishana, watu walikuwa wanaskiza.

Nikirudi nyumbani ungefikiri nitakuwa nafurahi. Sikufurahi. Sio sababu ya Oduor. Oduor ni mwanafunzi.

Wewe unajua nilianza na chai na chapati hapo kwa magarage, ukiwa mdogo. Nilikuwa nazunguka na birika. Mafundi wakiniambia shika hapa mama, shika pale, nikashika. Nikajua kupiga ribiti kuliko wao. Hiyo ilikuwa kazi safi, Achi, na niliipenda. Unatoa lining mzee, unasafisha pleti mpaka chuma inacheka, unaweka lining mpya, unapiga ribiti kila shimo, moja hapa, ingine ng'ambo, ndio isivutike upande. Mikono yangu ilikuwa myeusi na nilikuwa naitembeza barabarani kama pete. Niliishia darasa la tano, na nilikuwa naitwa fundi.

Alafu nikagundua ya kuonekana mpya inauzika haraka kuliko ya kufanya kazi. Hakuna shetani alinijia. Nilipaka moja tu, presha pleti ya pikap yenye ilikuwa na kutu, ndio ipendeze. Ikaenda siku hiyo hiyo. Ya pili haikuwa na kutu, ilikuwa imeungua.

Unamkumbuka Kim? Kijana wa mwenye ploti, hapo penye meza zetu ziko. Alikuwa na ile gari ndogo ya bluu ya tabo, ile ya kupulizia injini nguvu, ikipita vijiko zinalia kwa kabati. Ameiongeza nguvu mpaka klachi ya kampuni ilikuwa inateleza. Akanijia kwa heshima, ananiita mathe, anasema anataka kitu nzito, lakini ya bei ya mtu wa kawaida. Babake alikuwa na ploti, yeye hakuwa na kitu. Watu hawakuwa wanaelewa hiyo.

"Mathe, nisaidie. Hii gari inavuta vibaya sana. Usinipe ya kawaida."

"Kim, hii nakupa hata trela ingefunga."

Akacheka. Nikamfungia katoni.

Ilikuwa ya pikap, imeungua, dhahabu mara mbili, gundi badala ya ribiti sababu nilikuwa na haraka na ribiti zilikuwa zimeisha. Hata hazikuwa zimeisha, Achi. Zilikuwa kwa mkebe, ni mimi sikutaka kuinuka. Hiyo ndio kitu inaniudhi hata kuliko rangi.

Siku ya nne alikuwa anapanda ile mlima ya kutoka mtoni, kwa jam, mchana. Akatoa breki aende, injini ikalia, gari haikuenda. Akakanyaga zaidi. Moshi ikatoka chini, lining ilikuwa imebanduka yote. Gari ikaanza kurudi nyuma, na yeye ni kijana, akashtuka, akachelewa kushika breki. Ikarudi ikaingia kwa meza ya yule mama wa nyanya hapo pembeni, na mguu yake ikabaki chini ya tairi. Ikavunjika hapa kwa kifundo.

Sisi wote wa magarage tulikimbia tukasukuma gari. Nilinusa hiyo moshi. Nilijua ni nini kabla nifike. Na watu wakiwa wamesimama hapo wanamwangalia Kim, analia, mtu akauliza, "Kwani nini imefanyika?" Na mimi nikasema, kwa sauti, ndio kila mtu askie, "Gari iko na farasi mia tatu, na mwenye anaiendesha ni punda."

Wueh, walicheka. Hapo hapo, huyo mama akiwa bado amekaa chini kwa nyanya. Hiyo mzaha ilitembea Kawangware yote, ikavuka ikafika Kibera. Hata wewe ulirudi nayo kutoka shule ukiisema, hukujua ni mimi, na ukaniuliza kwa nini sicheki. Nilikuambia kichwa inauma.

Baada ya mwezi hivi Kim akanijia kwa meza. Alikuwa ameuza gari alipe hospitali ya huyo mama. Akasimama, hakutaka kukaa. Akasema, "Mathe, nimekuja kuomba msamaha. Nilichoma klachi yako. Ulinipa kitu nzuri na mimi sikujua kuiendesha."

Na mimi nikaukubali.

Soma hapo tena. Nikaukubali huo msamaha. Nikamwambia haina shida, Kim, mguu yako ni nzito kwa klachi, utajifunza. Nikamwonyesha na mguu yangu chini ya meza venye mtu hukanyaga. Akanishukuru! Akaenda. Na hajawahi kuendesha gari tena, mpaka wa leo anatembea, na vijana wakimpita wanalia kama punda.

Mama wa nyanya nanunua kwake. Anatembea akivuta hiyo mguu, na kila nikienda ananiongezea mbili, ati sababu mimi ni mtu wa kumchekesha. Hizo nyanya umekula, Achi. Mimi nazipika na sizionji. Na bado narudi kwake, sababu nikiacha atajiuliza kwa nini.

Niliacha kupaka baada ya hiyo. Usinipigie makofi. Niliacha kimya kimya na sikumwambia mtu kwa nini, na wale nilifunza wakaendelea. Nilikuwa nafikiri kuacha inatosha. Kumbe ile kitu ilikuwa inatembea tu, inazunguka magarage, ikaja na miguu yake mpaka chini ya kitanda yako.

Sasa ya mdosi wako. Nimempigia simu. Najua, najua, utarusha hii karatasi. Lakini kama ningekungoja ungesema tununue ingine haraka kabla ya gari ya kesho, na tungenunua kwa haraka, na haraka ndio mama ya hiyo dhahabu. Namba yake nilikuwa nayo sababu pesa ilitumwa kwa simu yangu.

"Mama Achi, klachi iko tayari?"

"Nimeuziwa feki. Imepakwa."

Naskia tu mtu akigonga chuma nyuma yake.

"Nani alinunua? Wewe ama msichana?"

"Mimi. Yeye hakuigusa."

"Na nitajuaje hamjapanga?"

Mzaha tatu zilikuja kwa ulimi, Achi, tatu, na zote zilikuwa tamu. Nikazimeza. Nikasema, "Hutajua. Nakuambia tu."

"Pesa yangu?"

"Iko, yote. Anakuja nayo."

Akasema, "Aje na hiyo feki pia. Aifungue mbele ya mafundi wangu, aonyeshe kila kitu venye imedanganywa. Akimaliza atanitafutia ingine mwenyewe, na hiyo hiyo pesa, hapa mjini. Nikiona hajui, arudi na gari ya jioni."

Kwa hivyo hivyo ndio mambo iko. Nimekuharibia siku ya kwanza. Ungeingia kama fundi, sasa unaingia kama mshukiwa, na ni mimi. Sina mzaha ya hiyo.

Lakini hiyo kitu anataka unaijua. Umepiga ribiti na mimi tangu mkono yako itoshe kushika nyundo. Kwangura pembeni, sio katikati, waone bluu. Wape wanuse. Bonyeza vidole vya ile springi moja moja, waone zingine zimelala chini kuliko zingine. Ingiza ncha ya bisibisi kwa lining, itainuka kama ganda ya chapati.

Na ukienda kununua ile ya ukweli, kumbuka Kim hakukosa kitu. Aliniambia yote nilikuwa nahitaji kuskia, sikuskia. Alisema gari inavuta. Watu huja wakihesabu farasi za injini sababu farasi ni ya kuringia, lakini kitu inaumiza klachi ni kuvuta, ile nguvu ya kusukuma tabo ikiamka. Uliza hiyo. Uliza gari inaenda wapi, matope ama lami, na inakaa kwa jam kiasi gani. Ingekuwa niliuliza Kim, angeniambia anapanda hiyo mlima kila siku.

Watakuonyesha ile pleti ya vipande vya ceramic, ile haina lining ya duara, iko na vipande kama biskuti. Inashika, kweli, lakini gari ikianza kuenda inaruka kama chura na ni bei ghali. Kama si lazima, wacha. Tafuta presha pleti original ya ex-Japan, iliyotumika huko, ya gari ya kampuni hiyo hiyo lakini yenye injini kubwa kuliko yake, ile mashimo yake inaingiana na ya kwake. Itakuwa mbaya kwa macho, iko na kutu na mafuta, na haina katoni. Hiyo kutu usiiogope, kutu haijawahi kunidanganya. Alafu pleti iwekwe lining nzito mpya, ribiti kila shimo, na uipige wewe mwenyewe hata kama umechoka, hata kama mkebe uko mbali. Meno ya katikati uyahesabu, uyaingize kwa shafti ya gia uskie kama yanacheza. Flaiwili, ile gurudumu nzito ya injini yenye klachi inashikia, ipelekwe kwa leth, mashine ya kukata chuma, ipigwe uso, usikubali waseme iko sawa. Sili ya mafuta nyuma ya injini, weka mpya, ni kitu ndogo na ikivuja inaua kila kitu umefanya. Na umwambie dereva siku za kwanza aende pole, asioneshe mtu, mpaka hizo chuma mbili zizoeane. Akikuuliza kama ni nzito ya kutosha, usimwambie trela.

Mambo ya Kim sijamaliza. Sijaenda kwake. Nimepita mlango yao leo nikitoka kwa Oduor, nikaona viatu vyake nje, nikapita. Sitakudanganya ati kesho nitaenda nikishakusindikiza. Nimeanza na wewe sababu wewe ndio rahisi, na angalia venye imekuwa ngumu.

Kuna kitu moja itakuja hapo Eldoret, naiona mapema. Ukimaliza kuwafungulia hiyo takataka, fundi mmoja atakuuliza umejuaje yote hiyo. Utataka kunificha. Utasema umesoma polytechnic, sababu wewe ni mtoto mzuri. Usiseme hivyo. Waambie hiyo rangi ya mara mbili ilianzishwa Kawangware na mwanamke mmoja wa kuuza chai, na ilivunja mguu ya mtu, na huyo mwanamke ni mamako. Wataanza kucheka. Wewe usicheke, ngoja wanyamaze, alafu uendelee na kazi.

Mamako